Kwa Nini Vipimo Viwili vya Umeme Havilingani
Somo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi



Kazi ya mkaguzi ni vitabu, wala si nyaya. Hata hivyo, nilipokuwa nikikagua hesabu za chama kimoja cha wakulima wa kahawa kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mwanzoni mwa Agosti, nilikuta katika jalada la hati za malipo karatasi mbili zilizobanwa pamoja kwa pini. Zote mbili zilihusu mota moja, ile inayoendesha mashine ya kumenyea kahawa mbivu. Karatasi ya kwanza, ya mwisho wa Mei, ilisema kwamba ukinzani wa kihami ni megaomu 0.8, na chini yake fundi ameandika: "Isukwe upya." Ya pili, iliyoandikwa na fundi mwingine katikati ya Julai, ilisema megaomu 46: "Mota ni nzima." Nyuma yake ilikuwapo ankara ya fundi wa kwanza isiyolipwa, na juu ya ankara hiyo mtu ameandika kwa kalamu nyekundu neno "Mwizi".

Nilipouliza, Mwenyekiti alinieleza kwa uchungu. Gharama ya kusuka mota upya ingemeza karibu ziada yote ya msimu uliopita. Wajumbe walikuwa wamekwisha kukubali, mpaka Makamu aliposhauri aitwe fundi wa pili. Majibu ya fundi wa pili yalipokuja, kamati ilifurahi, ikamkatalia fundi wa kwanza malipo yake ya kupima, na ilikuwa inaandaa barua ya kumshitaki. Mashine ilikuwa ianze kazi Jumatatu iliyofuata.

Nilimwomba Katibu aiweke kando barua ile kwa siku mbili. Sikufanya hivyo kwa sababu nilijua kwamba fundi yule ni mwaminifu, sikumjua kabisa. Nilifanya hivyo kwa sababu karatasi zile mbili zilikuwa na kasoro ambayo mkaguzi yeyote angeiona. Hazikusema kipimo kilifanyika saa ngapi, kwa volti ngapi, kwa muda gani, wala kipimo kiliunganishwa mahali gani. Ni sawa na stakabadhi yenye kiasi cha fedha tu, bila tarehe, bila jina la mlipaji na bila sababu ya malipo. Stakabadhi ya namna hiyo huwezi kusema ni ya uongo, wala huwezi kuiingiza katika vitabu.

Kabla ya kueleza yaliyotokea, yafaa tuelewane juu ya jambo lenyewe.

Ukinzani ni kadiri ambavyo kitu kinazuia umeme usipite. Hupimwa kwa omu, kizio kilichopewa jina la Mjerumani Georg Simon Ohm, aliyetangaza kanuni yake mwaka 1827: ukigawanya volti kwa ampea unapata omu. Omu milioni moja ni megaomu moja. Mafundi wanapopima ukinzani katika banda la mashine, aghalabu hufanya vipimo vya namna mbili vilivyo kinyume kabisa, na makatibu wengi huvichanganya.

Namna ya kwanza ni kupima njia ambayo umeme unatakiwa upite, kama vile waya wa eathi unaotoka kwenye bodi kuu mpaka kwenye mwili wa mota. Hapa tunataka omu chache, pengine sehemu ndogo tu ya omu moja. Namna ya pili ni kupima kihami, yaani ile ngozi ya plastiki au vanishi inayozuia umeme usitoke kwenye waya na kuingia katika chuma cha mashine. Hapa tunataka omu nyingi mno, na ndiyo maana huhesabiwa kwa megaomu. Chombo kinachotumika kupima kihami mafundi hukiita mega, kutokana na Megger, jina la biashara la kampuni ya Kiingereza ya Evershed & Vignoles lililosajiliwa mwaka 1903. Hupeleka volti nyingi, kwa kawaida 500 kwa mota kama zetu, na kuangalia ni kiasi gani kinavuja.

Katibu akiona "0.3" katika karatasi, hana budi kujua kwanza ni 0.3 ya nini. Omu 0.3 katika waya wa eathi ni jambo la kupendeza. Megaomu 0.3 katika kihami cha mota ni ugonjwa. Nimewahi kuona karatasi yenye tarakimu peke yake, bila kizio chochote, imegongwa mhuri na kuwekwa jaladani kwa heshima zote.

Sasa tuje kwenye kutofautiana. Mwanachama wa kahawa hahitaji kufundishwa kwamba kitu kimoja kinaweza kutoa vipimo viwili vya kweli. Kahawa ya maganda yenye uzito wa kilo 100 na unyevu wa asilimia 14, ikianikwa mpaka unyevu uwe asilimia 12, itapima kilo 97.7 hivi. Hakuna aliyeiba kilo mbili na zaidi; maji yameondoka. Mizani ilisema kweli jana na imesema kweli leo. Kihami cha mota nacho kiko hivyo hivyo, isipokuwa hapa maji hayabadili kipimo kwa asilimia mbili au tatu, bali kwa mara kumi, hamsini, hata mia.

Mota zetu za kumenyea kahawa hukaa kimya kwa miezi mingi. Msimu ukiisha hufunikwa gunia na kusahauliwa, nayo masika ya Machi hadi Mei huzikuta hapo. Ukungu huingia ndani ya koili. Tena asubuhi, chuma cha mota kinapokuwa baridi kuliko hewa inayokizunguka, umande hujikusanya juu ya kihami kama unavyojikusanya juu ya bati. Utando huo mwembamba wa maji, ukichanganyika na vumbi na utomvu wa kahawa, huwa daraja la umeme. Ukipima saa moja asubuhi unapata namba ndogo. Ukiwasha balbu karibu na mota usiku kucha, au ukingoja jua la alasiri, namba hupanda. Mota ni ile ile.

Joto nalo lina hesabu yake, tena hesabu ya kushangaza, kwa sababu linafanya kazi kinyume katika vipimo vile viwili. Waya wa shaba ukipata joto, ukinzani wake huongezeka, kiasi cha asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Kwa hiyo waya uliopanda kutoka nyuzi 20 hadi 60 utaonyesha kama asilimia 16 zaidi. Lakini kihami kikipata joto, ukinzani wake hupungua, na hupungua haraka: kwa kadirio linalotumiwa na mafundi, hupungua nusu kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Mota kavu iliyosoma megaomu 40 ikiwa na nyuzi 20 itasoma 20 ikiwa na nyuzi 30, itasoma 10 ikiwa na nyuzi 40, na 5 ikiwa na nyuzi 50. Fundi aliyepima kabla ya kazi na mwenziwe aliyepima mara baada ya mashine kuzimwa wataleta namba zinazopingana, na kamati isiyouliza juu ya joto itamwona mmoja wao mwongo.

Kisha kuna muda. Ukibonyeza mega, namba haisimami papo hapo. Kihami hunywa umeme mwanzoni kama udongo mkavu unavyokunywa maji ya kwanza ya mvua, na kadiri kinavyoshiba, mtiririko hupungua na namba hupanda. Ndiyo maana desturi ni kusoma baada ya dakika moja kamili. Aliyesoma baada ya sekunde kumi na aliyengoja dakika moja hawakufanya kipimo kimoja. Mafundi wa mota kubwa huitumia tabia hii kama dalili: husoma kwenye dakika ya kwanza na tena kwenye dakika ya kumi, kwani kihami kikavu na safi huendelea kupanda, na kilicholowa hukwama mahali pamoja.

Volti za kupimia pia zina sehemu yake. Kihami chenye ufa kinaweza kusimama imara mbele ya volti 250 na kushindwa mbele ya 500. Tena chombo chenyewe kina mwisho wa uwezo wake. Nimekuta daftari ambalo mwaka mmoja liliandikwa megaomu 200 na mwaka uliofuata 999, na Katibu akaandika kwa furaha kwamba mota imeimarika. Haikuimarika hata kidogo. Chombo cha kwanza kilikuwa hakiwezi kusoma zaidi ya 200, na cha pili kilikuwa na mwisho wake 999. Karatasi zote mbili zilikuwa na maana ya "zaidi ya uwezo wa chombo", na ndivyo zilivyopaswa kuandikwa.

Lakini sababu inayokosesha watu kuliko zote ni mahali pa kupimia. Ukiunganisha mega kwenye swichi, hupimi mota peke yake. Unapima mota, na waya unaoiendea, na stata, na kila kiungio kilichopo njiani, vyote kwa pamoja. Mivujo yote hujumlishwa. Mfano wake ni mapipa mawili ya maji yaliyounganishwa kwa bomba: moja likiwa zima na la pili limetoboka, maji yatapungua kwa kasi ya lile lililotoboka, na ukitazama maji tu hutajua ni pipa lipi. Kipande kibovu kimoja hutawala namba yote.

Ndivyo ilivyokuwa kwa chama chetu. Niliomba mafundi wote wawili waje siku moja, saa moja, wapime mbele ya kamati, umeme ukiwa umekatwa na swichi kuu imefungwa kwa kufuli. Walisalimiana kwa shingo upande. Fundi wa kwanza alipima kama alivyopima Mei, kutoka kwenye stata, kila kitu kikiwa kimeunganishwa: baada ya dakika moja, megaomu 0.9. Wajumbe walitazamana. Fundi wa pili akafungua waya kwenye mota na kupima mota peke yake, kama alivyopima Julai: megaomu 38. Hapo hapo mambo yakawa wazi. Hapakuwa na mwongo. Fundi wa kwanza alikuwa amesoma sawasawa na kuhukumu vibaya, kwani alilaumu mota bila kuitenga. Fundi wa pili alikuwa ameisafisha mota na kuondoka bila kuuliza ni nini basi kilichomfanya mwenzake apate 0.8.

Walipofungua sanduku la stata walikuta michirizi ya maji, kutu, na rangi ya kijani kwenye shaba. Tundu la kupitishia waya juu ya sanduku lilikuwa halikuzibwa, na bati la banda lilivuja mahali hapo hapo. Miongozo ya kimataifa inayotumiwa sana hutaka njia ya umeme ya kawaida isiwe chini ya megaomu 1 ikipimwa kwa volti 500, na mota ndogo kama ile isiwe chini ya 5, hesabu ikifanywa kwa joto la nyuzi 40. Sanduku lile lilikuwa limeshindwa mtihani, na kamati ilikuwa imeridhika nalo kwa sababu ya karatasi nzuri inayohusu kitu kingine.

Pana jambo la pili, nalo ndilo lililoninyima usingizi usiku ule. Karatasi zote mbili zilikuwa na kipimo cha waya wa eathi kutoka bodi kuu: Mei omu 0.32, Julai omu 0.22. Tofauti hiyo ni rahisi kueleza. Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba una ukinzani wa omu 0.0074 hivi kwa kila mita, na kwa mita 30 hiyo ni 0.22. Fundi wa Mei hakuondoa ukinzani wa nyaya za chombo chake, ambao ulikuwa omu 0.1. Katika kupima megaomu, omu 0.1 si kitu. Katika kupima waya wa eathi, ni karibu nusu ya jibu zima. Fundi mwangalifu hugusanisha kwanza ncha mbili za chombo chake, husoma, kisha hutoa. Hata akifanya hivyo, chombo chenye usahihi wa asilimia 2 pamoja na tarakimu mbili za mwisho kikisoma 0.20, ukweli unaweza kuwa popote kati ya 0.18 na 0.22. Kubishana juu ya tofauti ndogo kuliko hiyo ni kupoteza wakati wa mkutano.

Siku ile walipopima tena kwenye sanduku la stata, chombo kilisoma 0.3. Fundi akauegemea ule waya kidogo, ikawa 4. Akautikisa, chombo kikaonyesha kwamba hakuna njia kabisa. Akauachia, ikarudi 0.3. Bolti ya eathi ilikuwa imeliwa na kutu, na waya uligusa chuma kwa bahati tu.

Tofauti ya namna hii haisamehewi kwa unyevu wala joto wala usahihi wa chombo. Namba inayorukaruka unapogusa waya ndiyo ugonjwa wenyewe unaojitangaza. Kijana anayeisimamia mashine ile husimama kwenye sakafu yenye maji kutwa nzima, mkono ukiwa kwenye chuma. Siku ambayo waya wa umeme ungegusa mwili wa mashine, na eathi ikawa imeachia, njia ya umeme kwenda ardhini ingekuwa ni yeye. Na karatasi jaladani ingeendelea kusema omu 0.22, nayo ingekuwa kweli kwa siku iliyoandikwa.

Bolti ilibadilishwa siku ile ile, sanduku likasafishwa, likakaushwa na kuzibwa, na bati likazibwa. Kipimo cha mwisho, kila kitu kikiwa kimeunganishwa, kilikuwa megaomu 31. Waya wa eathi ulitikiswa mara nyingi na namba haikusogea. Mashine ilianza Alhamisi badala ya Jumatatu. Fundi wa kwanza alilipwa malipo yake ya kupima. Hakuomba radhi kwa ushauri wake wa kusuka mota, na kamati haikuomba radhi kwa neno lile jekundu. Nilimwagiza Katibu alikate kwa mstari mmoja na kutia sahihi, kama tunavyosahihisha kosa lolote katika hati.

Nisisahau fimbo ya eathi iliyochimbiwa nje ya banda, maana hiyo hubadilika na majira. Udongo uliolowa hupitisha umeme vizuri, udongo mkavu hupitisha vibaya. Vyama vingi hupimisha fimbo zao Aprili, fundi anapopatikana kwa urahisi, na kuridhika. Chukueni mfano wa hesabu: fimbo yenye omu 18 katika masika na omu 70 katika kiangazi. Kwa volti 230, umeme unaovuja ukapita katika fimbo hiyo peke yake utakuwa ampea 12.8 katika masika na 3.3 katika kiangazi. Fyuzi ya ampea 30 haitakatika kwa hata mmojawapo! Hapa kamati inaweza kubishana mwaka mzima ni namba ipi ya kweli, na jibu likawa lile lile: fimbo peke yake haitoshi, inahitajika ile swichi inayokata umeme unapovuja kwa kiasi kidogo sana, na mwenye kupima fimbo aje mwishoni mwa kiangazi, wakati hali ni mbaya kuliko zote.

Kuhusu daftari, sina fomu mpya ya kuwaletea. Zipo za kutosha. Kurasa chache za daftari la mali za chama zitengwe kwa kila mashine, na kila kipimo kiandikwe kwa sentensi kamili. Kwa mfano: "Tarehe 4 Agosti, saa 2 asubuhi, ukungu, mashine haijawashwa tangu Januari, mota peke yake, waya wa umeme umefunguliwa, koili kwa mwili wa mota, volti 500, dakika 1, megaomu 38, chombo ni cha fundi, chenye cheti cha kuhakikiwa cha mwaka huu." Jina la fundi na sahihi yake vifuate. Mwakani apimwe mtu yule yule, kwa njia ile ile, katika hali ya hewa inayofanana, ndipo namba mbili ziweze kulinganishwa. Namba inayoshuka mwaka hadi mwaka, 60, kisha 35, kisha 12, katika hali moja, ina habari nzito kuliko namba moja mbaya ya asubuhi ya mvua. Nikiandika "apimwe mtu" nisieleweke vibaya: ni mota inayopimwa, na mpimaji ndiye awe yule yule, ikiwezekana.

Mwanachama asijaribu vipimo hivi mwenyewe. Mega hupeleka volti 500 kwenye waya, na waya mrefu hubaki na umeme kwa muda baada ya kupimwa mpaka utolewe. Vifaa vya elektroniki vilivyomo kwenye stata za kisasa huungua vikipimwa bila kufunguliwa kwanza. Kazi ya Katibu ni kusimama kando na daftari na kuuliza.

Maswali ya kujadili katika mkutano wa kamati au kikundi cha masomo:

1. Tafuteni jaladani karatasi ya mwisho ya kupima umeme katika chama chenu. Je, inaonyesha kizio, mahali pa kupimia, volti, muda na hali ya hewa? Ni lipi kati ya hayo linalokosekana?

2. Fundi amepata megaomu 0.5 kutoka kwenye swichi. Kabla ya kukubali gharama yoyote, mtamwomba atenge nini, na kwa utaratibu gani?

3. Waya wa eathi ulisoma omu 0.25 mwaka jana na 0.35 mwaka huu. Mtauliza maswali gani mawili kwanza, na mtamwomba fundi afanye nini kwa mkono wake wakati chombo kinasoma?